Weka Kibuyu Chini

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wa nyumba za juu mpo?

Tupo!

Watoto wa nyumba za chini mpo?

Tupo!

Basi kaeni mkeka mmoja, na asiyepata nafasi apishwe.

Hapo kale palikuwa na mji mlimani, jina lake Ngulilo. Ulikuwa na nyumba kumi na tatu, si zaidi. Juu ya mji palikuwa na bwawa, na kutoka bwawani ulishuka mfereji mmoja uliopita kwenye mashamba yote, kuanzia la juu kabisa mpaka la chini kabisa.

Watu wa Ngulilo walikuwa na desturi moja wasiyoivunja. Mwenye kugawa chakula hula mwisho. Mama akishika mwiko huwapakulia wote, kisha hujipakulia mwenyewe, fungu lile lile. Maadamu mwiko uko mkononi, hakuna amwulizaye neno. Akishauweka chini, wote hutazama bakuli lake. Hata mtoto mdogo aliruhusiwa kusema, "Mama, lako kubwa," na mama akapunguza.

Desturi hiyo ilifuatwa jikoni. Kwenye maji haikufuatwa.

Lango la bwawa lilikuwa mikononi mwa Mzee Kajiru. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na migomba. Alfajiri alifungua lango, maji yakaingia kwake, yakakaa huko siku tano. Siku ya sita yaliwafikia jirani zake. Siku ya saba yaliyobaki, tope na majani makavu, yalimfikia Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa la mwisho, pale mfereji unapokufa. Alikuwa na binti wawili: Nakiete, aliyekwisha kujua kulima, na Nambua, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamengʼoka na bado hayajaota mengine.

Siku moja Namkunda alitia jembe begani, akapanda mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Maji."

"Si yalikuja juzi?"

"Lilikuja tope, Mzee. Mtama wangu umejikunja kama masikio ya mbwa. Nakuuliza jambo moja. Jikoni mwenye kugawa hula mwisho. Mbona bwawani mwenye kugawa hunywa kwanza?"

Mzee Kajiru alicheka mpaka akakohoa.

"Maji si ugali, mwanangu. Nenda."

Akaenda. Wiki ya pili akapanda tena, akauliza lile lile. "Maji si ugali, mwanangu." Wiki ya tatu akapanda tena, akauliza lile lile. "Maji si ugali, nimekwambia!"

Basi siku ile Namkunda hakushuka. Alisimama ukingoni mwa bwawa, akaugeukia msitu, akapiga kelele kwa sauti yake yote.

"Laiti angetokea mtu wa kutugawia sawa! Yeyote! Hata awe zimwi!"

Ilikuwa hasira tu. Lakini msituni kulikuwa na masikio.

Kesho yake, jua likiwa utosini, zimwi akatoka. Alikuwa mrefu kama nyumba mbili zilizopandana. Kucha zake zilikuwa ndefu, ila alikuwa amezisafisha. Mkononi alishika kibuyu. Wengine husimulia kwamba kibuyu hicho kilikuwa kikubwa kama pipa. Si kweli. Kilikuwa kibuyu cha kawaida, cha kuchotea maji, chenye shingo iliyopinda.

Watu walikimbilia ndani. Zimwi akaketi uwanjani, akasema kwa upole:

"Nimesikia mnaonewa. Nimekuja kuwafanya sawa."

Namkunda alikuwa wa kwanza kufungua mlango. Akatoka, akasimama mbele yake.

"Ukitugawia, utafuata desturi yetu?"

"Ipi hiyo, dada?"

"Mwenye kugawa huchukua mwisho, tena fungu lile lile."

Zimwi alifikiri, akauliza, "Akishaweka chini kipimo?"

"Ndiyo. Akishaweka chini kipimo."

Zimwi akatabasamu. "Nitafuata."

"Apa."

Namkunda akayatoa mafiga yake matatu jikoni, yangali na moto. Zimwi akaweka kiganja juu ya la kwanza, juu ya la pili, juu ya la tatu. Akaapa: "Nikivunja, kibuyu hiki kinihukumu." Na mazimwi wa kale waliweza kumdanganya mtu, lakini mafiga hawakuweza kuyadanganya.

Basi zimwi akainuka, akaenda bwawani, akaimba:

*Aliyezidi, njoo upungue,*
*Aliyepungua, kaa utulie,*
*Kibuyu changu ndicho kipimo.*

Akachota kibuyu kimoja, akamwagia shamba la Kajiru. Kibuyu kimoja, shamba la jirani. Kibuyu kimoja kila shamba, mpaka la Namkunda. Na kwa uchawi wake, kibuyu kimoja kililowesha shamba zima. Mtama wa Namkunda ukasimama wima siku ile ile.

Namkunda alilia kwa furaha. Jioni alipokuwa akisonga ugali, alijikuta anauimba wimbo wa zimwi. Hilo halifichwi: aliuimba.

Lakini maji yaliyobaki bwawani, zimwi aliinama akayanywa yote.

"Mbona anakunywa?" akauliza Nambua.

"Nyamaza," mama yake akamwambia. "Bado ameshika kibuyu. Hajamaliza kugawa."

Baada ya mwezi zimwi akawaita watu uwanjani.

"Bado hamko sawa," akasema. "Mrindoko ni mrefu, na wengine ni wafupi. Kajiru ana nguvu, na wengine ni dhaifu. Yule anaimba vizuri, na wengine wanakwaruza. Je, huo ni usawa?"

Watu wakatazamana. Kusema kweli, kuna waliokuwa wamechoka na urefu wa Mrindoko, mrina asali wao.

Zimwi akaimba:

*Aliyezidi, njoo upungue,*
*Aliyepungua, kaa utulie,*
*Kibuyu changu ndicho kipimo.*

Urefu wa Mrindoko, na wa kila mtu mzima aliyemzidi mfupi wao, ukawatoka kama moshi, ukaingia kibuyuni. Nguvu za Kajiru zikamtoka, zikaingia kibuyuni. Sauti zote zikawatoka watu, za kike na za kiume, nene na nyembamba, zikaingia kibuyuni, na kila mtu akabaki na sauti moja kavu, kama kijiti kinachokwaruzwa ukutani. Na zimwi akanywa kutoka kibuyuni, akazidi kurefuka.

Siku ya pili yake Namkunda alikuwa shambani. Alimwita Nambua aje kula. Kila mama wa Ngulilo alikuwa na mwito wake, na mtoto aliujua mwito wa mama yake hata akiwa ngʼambo ya bonde. Namkunda akaita, wakaja watoto saba wakikimbia. Saba, na Nambua hakuwamo. Yeye alikuwa amekimbilia kwa mama mwingine.

Mizinga ya asali ikabaki mitini, kwa kuwa Mrindoko hakuweza tena kuifikia. Na yule aliyekuwa mfupi kuliko wote hakuwa ameongezewa hata unene wa kidole.

Namkunda akaketi juu ya tuta, akaanza kuurudia wimbo ule, neno baada ya neno, bila kuuimba. *Aliyezidi, njoo upungue.* Sawa. *Aliyepungua, kaa utulie.* Akaishia hapo. Atulie? Mbona haambiwi njoo uongezwe?

Aliinuka, akapika ugali, akampelekea zimwi, akinuia kumfanya aweke kibuyu chini.

"Karibu chakula. Weka kibuyu, ule kwa raha."

"Nitakula kwa mkono mmoja, dada."

"Basi nikunawishe. Weka kibuyu."

"Ninawishe huu mmoja."

"Basi pumzika kidogo. Utalala na kibuyu mkononi?"

Zimwi akacheka mpaka makuti ya paa yakapeperuka. "Nilale na kibuyu, niamke na kibuyu. Mlisema wenyewe: mwenye kugawa haulizwi mpaka amalize. Nani amewaambia nitamaliza?"

Hapo Namkunda akaelewa. Kosa lilikuwa lao. Walimpa kipimo, wakasahau kumwuliza atakiweka chini lini.

Baada ya mwezi mwingine zimwi akawaita tena.

"Bado hamko sawa. Namkunda ana watoto wawili. Mrindoko ana wanne. Kajiru hana hata mmoja. Je, huo ni usawa? Kila nyumba mtoto mmoja. Keshokutwa asubuhi nitakuja. Watakaozidi wataingia kibuyuni."

Akalamba midomo, akaondoka.

Hakuna aliyelia kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo. Wote walilia kilio kimoja. Wengine wakasema wakimbie. Lakini wakimbie wapi, na miguu ya zimwi ilikuwa mirefu kama mto?

Namkunda alifika kwake, akafunga mlango. Nakiete akamtazama.

"Mama, utamtoa nani?"

"Simtoi mtu."

"Lakini mimi ni mkubwa, kama ni lazima…"

"Nakiete! Nimesema simtoi mtu. Mimi ndiye niliyemwita yule. Nitamtoa yeye."

Usiku ule hakuna aliyejua alichofikiri. Kulipokucha alionekana akitembea nyumba hadi nyumba. Kila alipofika alisema maneno yale yale:

"Alisema kila nyumba mtoto mmoja. Hakusema kila mama. Aliye na ziada ampe aliyepungukiwa. Kesho kila mtoto awe amekula na kulala nyumba atakayohesabiwa."

Watoto wa Ngulilo, wote pamoja, walikuwa kumi na watatu. Mrindoko akawapeleka watatu: mmoja kwa ajuza wa kando ya mfereji, mmoja kwa bwana na bibi harusi wapya, mmoja kwa fundi wa vyungu. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Kufikia alasiri alikuwa amebaki mtoto mmoja tu, Nambua. Na ilikuwa imebaki nyumba moja tu, ya Mzee Kajiru.

Namkunda akampandisha Nambua mlimani. Kajiru alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza macho yao yalikuwa usawa mmoja, na Kajiru hakupenda.

"Shikamoo, Mzee."

"Sitaki."

"Sijasema neno."

"Nimekwisha kusikia. Mtoto wa bondeni alale kwangu? Alale kwenye kitanda cha baba yangu?"

"Alale hata jikoni. Kesho asubuhi uwe na mtoto mmoja nyumbani."

"Wewe ndiye uliyemwita zimwi! Hukutosheka na tope. Ulitaka usawa. Basi huo hapo, ule!"

"Nilimwita, kweli," Namkunda akasema. "Na nilimwita kwa sababu yako. Kwa hiyo, Mzee, tumemleta sisi wawili. Usinitupie mimi peke yangu."

Wakati wakibishana hivyo, Nambua alikuwa amekwisha kupita katikati yao, akaingia ndani. Sauti yake ikasikika kutoka kwenye giza la nyumba:

"Babu, ndizi hizi zimeiva au ni za kupika?"

"Ziache hizo!"

"Nimekula moja tu."

Kajiru akageuka, akatazama ndani kwa muda. Nyumba ile haikuwa imesikia sauti ya mtoto tangu yeye mwenyewe alipokuwa mtoto.

"Hana meno," akasema. "Anakulaje?"

"Anazisaga kwa ufizi. Utaona."

Mzee akasogea pembeni ya mlango. Hakusema karibu. Alisogea tu.

Asubuhi zimwi akaja, kibuyu mkononi. Watu wote wakakusanyika uwanjani, nyumba kumi na tatu, kila nyumba imesimama peke yake. Mbele ya Namkunda palikuwa na mafiga yake matatu.

Zimwi akaimba wimbo wake, akamnyoshea Namkunda ukucha.

"Lete mmoja."

"Sina aliyezidi."

"Una wawili!"

"Nina huyu, Nakiete. Hesabu mwenyewe."

Zimwi akahesabu nyumba ya kwanza: mtoto mmoja. Nyumba ya pili: mmoja. Akaenda mpaka ya kumi na tatu, akamkuta Nambua juu ya mabega ya Kajiru, maganda ya ndizi mkononi.

"Huyu ni wako wewe, Namkunda!"

"Alikula wapi jana?"

"Kwa Babu Kajiru," akajibu Nambua. "Ndizi tisa."

"Sita!" akasema Kajiru.

Zimwi akakunja uso. Akatafuta aliyezidi, hakumpata. Maji yalikuwa sawa. Vimo vilikuwa sawa. Watoto walikuwa sawa, na hakuna aliyepungua.

Namkunda akasogea mpaka kwenye mafiga. Alikuwa anamfikia zimwi magotini tu, lakini hakuinua shingo kumtazama. Alikitazama kibuyu.

"Kuna kilichobaki cha kugawa?"

Zimwi akakikaza kibuyu mkononi.

"Uliapa juu ya mafiga. Jibu mbele ya mafiga. Kuna kilichobaki?"

Na kwenye mafiga hakuweza kudanganya. "Hakuna," akasema kwa shida.

"Basi umemaliza. Weka kibuyu chini."

"Wewe ni nani wa kuniamuru?"

"Mimi ni wa shamba la mwisho. Weka kibuyu chini!"

Zimwi akainua mguu amkanyage. Ndipo Mrindoko akasema, "Weka kibuyu chini!" Na ajuza, na maharusi, na fundi wa vyungu, na watoto. Kumbukeni, watu wale walikuwa na sauti moja. Zimwi mwenyewe aliwafanya hivyo. Kwa hiyo waliposema, haikuwa kelele ya watu wengi. Ilikuwa sauti moja, kubwa kuliko mlima, na mguu wa zimwi ukabaki hewani.

Lakini haukurudi nyuma. Sauti haikuwa imetimia. Nyumba kumi na mbili zilisema. Nyumba moja ilikuwa imefunga mdomo.

Nambua akamvuta Kajiru sikio. "Babu. Sema."

Mzee Kajiru akatazama migomba yake. Akatazama lango la bwawa. Akamtazama Namkunda chini ya unyayo wa zimwi.

"Weka kibuyu chini!" akasema, na wote wakasema naye tena.

Mkono wa zimwi ukafunguka wenyewe. Kibuyu kikaanguka kati ya mafiga, kikasimama wima, kikaanza kuimba bila mwimbaji:

*Aliyezidi, njoo upungue.*

Urefu ukamtoka zimwi. Nguvu zikamtoka. Maji aliyokunywa yakamtoka, yakapanda kurudi bwawani. Kibuyu kikajaa, kikapasuka vipande, na kila kitu kikarudi kwa mwenyewe. Mrindoko akaporomoka kwenda juu, akajigonga kichwa kwenye tawi. Sauti zikarudi, nene na nyembamba, zote kwa pamoja, na Namkunda akasikia Nambua akiita "Mama!" kwa sauti ya Nambua.

Uwanjani akabaki zimwi, kimo chake kama cha mtu wa kawaida.

Mrindoko akachukua mkuki. Namkunda akamzuia.

"Usimwue. Aliapa kuchukua fungu kama letu, na amelichukua." Akamgeukia zimwi, akamnyoshea jembe lake. "Ukitaka, kaa. Utapata shamba. Kesho ni zamu ya kuzibua mfereji, utazibua kama sisi. Ukigawa, utakula mwisho. Ukipata ziada, utampa mwenzako."

Zimwi alilitazama jembe. Hakuwa ameogopa mkuki. Jembe lile lilimfanya atetemeke kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha. Akapiga yowe, akakimbilia msituni, na Ngulilo hakuonekana tena.

Watu wakashangilia. Walipotulia, Mzee Kajiru akajikohoza.

"Vema," akasema. "Mmeona wenyewe mambo ya usawa yanavyoishia. Sasa turudi kama zamani. Juu ni juu, na chini ni chini. Nitakwenda kufungua lango."

"Zamani ipi, Mzee?" Namkunda akauliza.

"Zamani yetu."

"Yako. Mimi zamani yangu ilikuwa tope."

"Unataka kumrudisha zimwi?"

"Simtaki zimwi. Alitaka tufanane, na mimi sitaki kufanana na Mrindoko. Nani ataniteremshia asali? Lakini kumkataa zimwi si kuyakataa maji. Lango lifunguliwe kwa zamu, nyumba kumi na tatu. Nyumba yenye vinywa vingi ipate mengi. Na atakayefungua lango anywe mwisho."

"Maji si ugali!" Kajiru akafoka.

"Leo ni ugali, Mzee."

Akamnyoshea lile jembe, lile lile lililomkimbiza zimwi.

"Zamu ya kwanza ni yako. Shika, ufungue, unywe mwisho. Au na wewe unakimbia?"

Kajiru alilitazama jembe kwa muda mrefu. Aliutazama msitu, akalitazama jembe tena. Nambua alikuwa bado mabegani mwake.

"Babu," akasema, "mimi bado nakula kwako leo?"

Mzee alishika jembe, akapanda nalo mpaka bwawani, huku akinungʼunika kila hatua. Alinungʼunika siku ile, na mwezi ule, na mwaka ule. Lakini lango alifungua, na migomba yake ilikunywa mwisho.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye lango la maji. Mwenye kuitaka aichukue, na akiigawa awaache wengine wachukue kwanza.

Na funzo lake ni hili. Akija mtu kuwaambia kwamba atawafanya sawa, msimkimbie. Mwulizeni kwanza ataweka kibuyu chini lini, na yeye mwenyewe atapimwa na nani. Na akija mwingine kuwaambia kwamba usawa hauwezekani, mpeni jembe, mmwangalie mikono.